Msimulizi wa Nne

Mildred Ayuma alisoma ukurasa wa sita mara ya nne, na mara hii akaiweka chini kalamu nyekundu. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, ofisini mwake chuoni. Mezani palikuwa na ripoti kumi na moja za wanafunzi wa mwaka wa tatu, na kumi alikwisha kuzisahihisha bila taabu. Hii ya mwisho ndiyo iliyomkalisha.

"Mimi huyo msichana sijawahi kumwona," ripoti ilisema, "na sina haja. Kijana wangu wa tatu, huyu alikatwa kidole na mashine ya kupukuchua mahindi, ndiye amemwona. Ananiambia ni mwalimu, ananiambia ako na heshima. Sikatai. Lakini ni mtu wa Roho. Watu wa Roho ndio walinimalizia dada yangu. Mtoto wa ngoma hataingia kwangu kama mimi bado napumua, na hiyo kijana nimemwambia uso kwa uso, si mara moja."

Juu ya maneno hayo wanafunzi walikuwa wameandika tu: Msimulizi wa Nne, mwanamke, miaka sitini na mbili, mkulima wa Lugari, muumini wa kanisa la Friends. Jina halikuwepo. Ayuma mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuliondoa.

Lakini kidole kile alikijua. Kilikuwa cha shahada, mkono wa kushoto, kimeishia katikati, na kwa miaka miwili sasa kilikuwa kikijiingiza kati ya vidole vyake kila walipotembea pamoja jioni. Ni kidole cha Isaiah Barasa. Isaiah huyo huyo ambaye Jumapili iliyopita alimtazama machoni akamwambia, "Mama amefurahi sana. Anasema hata umechelewa."

Na Jumamosi, siku nne tu mbele, wazee wa kina Isaiah walikuwa wafike Iguhu kujitambulisha kwa kina Ayuma. Mama yake alikwisha kuazima viti. Baba yake alikwisha kufua kanzu yake nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani na kuianika ua mzima uione, maana mzee huyo ndiye mpiga ngoma mkuu wa kanisa lao la Roho, na hana haya nalo.

Ayuma aliifunika ripoti kana kwamba kuna mtu anayechungulia.

Ni vizuri kueleza jinsi alivyojitegea mtego huu mwenyewe. Ayuma alifundisha masomo ya dini, na wenzake wa idara walimwita Madam wa Matope, kwa sababu wanafunzi wake walirudi darasani na viatu vilivyojaa udongo wa vijijini. Darasani kwake hapakuwa na kusomewa maandishi hadi usingizi ukuchukue. Alikwambia, leta swali linalokukosesha raha. Ukilileta, alikutuma kwa watu, ukaketi nao, ukawasikiliza mpaka wamalize. Mlangoni ulijitambulisha kwa ukweli wote: wewe ni nani, umetoka dini gani, unataka nini. Ukishaandika, ulirudi kwa msimulizi ukamsomea maneno yake, na akitaka kufuta, alifuta. Nje ya kikundi na mwalimu, hakuna sikio lingine lililoruhusiwa kuyasikia. Mwaka jana alimwangusha katika somo kijana mzuri, mwenye akili, kwa kosa la kumdokezea mchungaji mmoja aliyosema muumini wake.

Kikundi cha Tracy na Were kilikuwa kimeleta swali hili: kwa nini wazazi hukataa mkwe wa kanisa jingine? Kando yake, kwa kalamu hii hii nyekundu, Ayuma alikuwa ameandika, "Swali zuri! Msiogope kwenda mbali."

Mlango ulibishwa. Tracy aliingia bila kungoja, msichana wa mjini mwenye maneno mengi, na nyuma yake Were, kijana mrefu mpole aliyekuwa mwandishi wa kikundi.

"Madam, umesoma yetu? Iko fiti?"

"Nimeisoma."

"Huyo wa nne, Madam, alilia. Tukazima rekoda. Were naye akalia, lakini ukimwuliza atakataa."

"Sikulia," Were alisema. "Ilikuwa moshi ya jikoni."

"Tulikuwa nje, wewe! Moshi gani?" Tracy alicheka, kisha akamtazama mwalimu wake vizuri. "Madam, uko sawa? Unakaa mgonjwa."

"Niko sawa. Kesho kutwa ndiyo siku ya kumsomea?"

"Alhamisi, ndiyo. Na ni zamu yako kuandamana na sisi. Uliweka kwa ratiba."

Ayuma aliitazama ratiba ukutani. Ni kweli. Mwandiko ni wake.

*

Jumatano saa kumi alimkuta Isaiah katika kona yao ya kila siku, kwenye hoteli moja nyuma ya posta. Alikuwa ametoka kazini Lurambi, ambako alisimamia mabomba ya maji, na suruali yake ilikuwa na ukoko wa udongo magotini. Alikuwa ameagiza chai mbili na chapati. Alipomwona akatabasamu, na shavu lake moja likabonyea kama kawaida yake, na Ayuma akaisahau kidogo hasira aliyokuja nayo. Alimpenda mtu huyu, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

"Mbona umekonda tangu Jumapili?"

"Ni kusahihisha."

"Hizo ripoti zitakuua kabla sijakuoa. Kula."

Ayuma alikata kipande cha chapati akakiacha sahanini. Ndani ya mkoba wake, chini ya meza, maneno ya mama wa mtu huyu yalikuwa yamekunjwa mara mbili.

"Isaiah, hebu niambie tena. Mama alisema nini juu yangu?"

"Si nilikuambia? Amefurahi."

"Kwa maneno gani?"

"Maneno gani tena!" Isaiah alicheka. "Unanifanyia utafiti?"

"Nakuuliza tu."

"Alisema… alisema Mungu ametenda."

"Na habari ya Roho?"

"Hiyo hata haikumshughulisha. Akasema sisi sote tunamwomba mmoja."

Alidanganya vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza Ayuma zaidi. Hakupepesa macho. Kidole kile kifupi tu ndicho kilichokuwa kikigonga ukingo wa kikombe. Ayuma aliyasikia maneno yakimpanda kooni, mtoto wa ngoma hataingia kwangu, akayameza. Angeyatamka, Isaiah angeuliza, umeyapata wapi? Na mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliyeahidiwa kwamba kilio chake hakitatoka nje, angekuwa ameuzwa na mwalimu wa ahadi zenyewe.

"Mama atakuja Jumamosi?"

"Unajua magoti yake. Hata kutoka nje ni shida siku hizi. Baba mdogo atasimama mahali pake."

"Basi Jumamosi isiwe."

Isaiah aliweka kikombe chini. "Unasema?"

"Isiwe. Tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Viti vimeazimwa, Ayuma. Baba mdogo ameomba ruhusa kazini." Sauti yake ilishuka. "Kuna mtu?"

"Hakuna mtu."

"Basi nipe sababu."

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi, Isaiah. Lakini wewe kuna kitu unaweza kuniambia, na hutaki."

Macho yao yaligongana. Kwa muda mfupi Ayuma aliona kitu kikisogea usoni mwa Isaiah. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema tu mama amekataa, tulie pamoja, tutafute njia pamoja. Isaiah aliinamisha macho kwenye chai.

"Hakuna kitu," alisema.

Ayuma alichukua mkoba wake.

"Ayuma, keti. Miaka miwili! Nimekuja kanisa lenu nikavua viatu, nikakaa chini na ngoma masikioni asubuhi mpaka mchana, kwa ajili yako. Nifanye nini tena?"

"Uniambie ukweli, hata kama ni mbaya."

"Ukweli ni kwamba nakupenda."

Na huo ulikuwa ukweli, ndiyo maana ulimkata maini. Ayuma alitoka kabla machozi hayajamwaibisha mbele ya watu wanaokunywa chai yao. Alipofika barabarani alitamani asikie viatu vyake vikimfuata nyuma. Hakuvisikia. Jioni hiyo Isaiah alipiga simu mara sita, na mara zote sita Ayuma aliishika simu mkononi akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akajilaumu.

*

Alhamisi gari la idara liliwapeleka Lugari. Tracy aliongea njia nzima. Ayuma alikuwa akijipangia la kusema, na kila alipopanga liliharibika.

Kulikuwa na njia rahisi, usidhani hakuiona. Chuoni aliitwa Madam Mildred. Mama Isaiah, kama aliwahi kutajiwa jina, alitajiwa Ayuma, maana Isaiah hakumwita vingine. Angeweza kusema, naitwa Mildred, ni mwalimu wa hawa, akaketi pembeni, akasikiliza, akarudi zake Kakamega salama. Kila neno lingekuwa kweli. Lakini alimfikiria kijana yule aliyemwangusha mwaka jana, akaona aibu peke yake mle garini.

Upande wa pili ulimtisha zaidi. Kwao na kwa kina Isaiah pia, msichana haendi kwa mvulana kabla wazee hawajaenda kwake. Anayekwenda husemwa amejileta, na neno hilo humfuata mpaka uzeeni. Akimwudhi mama huyu leo, hakuna Jumamosi, hakuna Isaiah, hakuna chochote. Aliomba maji kwa dereva na hayakumsaidia.

Boma lilikuwa nyuma ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Uani palitandazwa turubai kubwa la buluu, na juu yake mahindi yaliyopukuchuliwa yalikuwa yakikauka. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akiyageuza kwa miguu, anakwenda na kurudi, anachora mistari, mwepesi kama msichana. Ayuma aliyatazama yale magoti yaliyosemwa yanasumbua, na uongo mwingine wa Isaiah ukahesabika.

"Mulembe, watoto wangu!" mwanamke aliita. Majirani walimwita Mama Priscah, kwa jina la binti yake wa kwanza. "Leo mmekuja na mkubwa wenu?"

"Mulembe, Mama," Tracy alijibu. "Huyu ndiye Madam wetu, anaitwa—"

"Ngoja, Tracy. Nitajitambulisha mwenyewe."

Alisimama pale pale ukingoni mwa turubai.

"Mama, shikamoo. Naomba niseme nikiwa hapa nje. Naitwa Mildred Ayuma, na hawa ni wanafunzi wangu. Kwetu ni Iguhu. Baba yangu anapiga ngoma katika kanisa la Roho, na mimi nimelelewa humo." Akamtazama mama machoni. "Isaiah wako ni mpenzi wangu, miaka miwili sasa. Yule msichana uliyemsema kwa hawa ni mimi."

Daftari la Were lilianguka. Tracy alishika mdomo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, akakosa neno.

"Nilisoma maneno yako Jumanne," Ayuma aliendelea, haraka sasa, kabla ujasiri haujamtoroka. "Isaiah sijamwambia hata neno moja. Hajui niko hapa. Nimekuja kwa sababu uliahidiwa utasomewa, na aliyeahidi ni mimi kupitia kwao. Ukisema niondoke, nitangoja kule barabarani, wao watasoma. Ukisema karatasi zote zichanwe, nitazichana mbele yako."

Mama Priscah aligeuka, akamaliza mstari wake mpaka mwisho wa turubai, akarudi na mwingine. Punje zilikuwa zikichakarika miguuni pake. Ayuma alitamani atukanwe, walau ajue amesimama wapi.

"Kwa hivyo umejileta," mama alisema hatimaye.

"Nimejileta, Mama."

"Ni yeye amekutuma?"

"Hapana."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, polepole, halafu akaketi juu ya kigoda mlangoni. "Wewe Were, okota kitabu yako. Soma."

Were alisoma akiwa amesimama. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, na hilo halikusaidia mtu.

"Dada yangu Maurine alishikwa na homa. Wenye kanisa wakasema ni pepo. Wakapiga ngoma siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa naendanga kila asubuhi, nasimama kwa mlango, nasema tumpeleke hospitali, wananiambia imani yangu ni ndogo. Siku ya kumi na tatu nikifika karibu nikasikia ngoma imenyamaza. Nikajua. Tangu hiyo siku nikisikia ngoma mahali, hata ya harusi, natafuta pa kukaa."

Ayuma alikuwa ameyasoma hayo mara nyingi kuliko alivyotaka. Lakini kuyasikia huku mwenyewe ameketi mbele yako, mikono mapajani, ni kitu kingine. Hakujua atazame wapi. Ngoma ile aliijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuwahi kufikiri kuna mtu inamkalisha chini kwa uchungu.

Were alifika ukurasa wa sita akasita. "Madam, na hii nisome?"

"Yote," alisema Ayuma.

Akaisoma. Ilipofika mtoto wa ngoma hataingia kwangu, Tracy alitazama kuku waliokuwa wakinyemelea mahindi, akawafukuza ingawa walikuwa bado mbali.

"Sasa, Mama," Tracy alisema kwa sauti ndogo isiyo yake, "kuna kitu unataka kufuta? Ama kubadilisha?"

"Hakuna. Nilisema mimi. Ni yangu."

Basi, Ayuma alijiambia. Imekwisha. Aliinama kuchukua mkoba wake chini, na huko chini akayafumba macho kidogo ili yasimwage machozi.

"Lakini ngoja," Mama Priscah alisema. "Huku kuuliza ni kwenu tu? Mimi siwezi kuuliza?"

Wanafunzi walimgeukia mwalimu wao. Hawakuwahi kufundishwa hilo, na wala yeye hakuwahi kuulizwa.

"Uliza, Mama."

"Wewe, mwalimu. Mtoto wako ameshikwa na homa. Baba yako amekuja na ngoma yake. Unafanya nini?"

Jibu tamu lilimjia kwanza, na lilikuwa tayari ulimini: nitamfukuza. Neno moja tu, na pengine mlango ungefunguka. Ayuma alimwona baba yake na kanzu yake ile ikipepea uani, furaha yote ile, akashindwa.

"Mtoto nampeleka hospitali hiyo dakika, Mama, hata kwa kumbeba mgongoni. Hiyo sibishani na mtu. Baba akitaka kuomba, aombe akiwa nje ya wodi. Lakini simfukuzi. Na siwezi kukudanganya, mimi nikisikia hiyo ngoma natulia. Imenilea."

"Hata baada ya kusikia ya Maurine?"

"Hata baada. Ila sasa nikiisikia nitamkumbuka na yeye pia."

Mama Priscah alikuwa akivuta uzi mmoja uliolegea kwenye leso yake.

"Na huyo baba yako. Amewahi kufungia mgonjwa mlango?"

Ayuma alifungua kinywa kusema hapana. Hapana lilikataa kutoka, kwa sababu hakujua. Miaka sita alikuwa akiwatuma watoto wa watu wabishe milango ya Mumias na Butali na kila mahali, waulize yanayouma. Nyumbani kwao, mezani kwa baba yake, hakuwahi kuuliza swali hata moja.

"Sijui," alisema, na uso ulimwaka kwa aibu. "Sijawahi kumwuliza, Mama. Nilikuwa nangoja Jumamosi ipite."

"Jumamosi kuna nini?"

Ayuma aliuona uso wa mwanamke yule, na haukuwa wa mtu anayejifanya. Hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia kitu. Isaiah alikuwa amepanga kuwapeleka wazee Iguhu na kumwacha mama yake anageuza mahindi.

"Jumamosi, Mama… hilo mwulize Isaiah."

Mama Priscah alimtazama kwa muda. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa simu, akaiweka kwa kipaza sauti, maana hakuzoea kuibana sikioni.

"Mama, mulembe!" Sauti ya Isaiah ilijaa uani. "Niko kazini kidogo."

"Jumamosi kuna nini Iguhu?"

Upande wa pili bomba liligongwa, likagongwa tena.

"Isaiah, nimeuliza."

"Mama, nilikuwa nataka kukuambia…"

"Lini? Baada ya mtu mwingine kukalia kiti yangu?"

"Nani amekuambia hayo?"

"Hakuna mtu ameniambia. Mgeni wako amesimama hapa kwa mahindi yangu. Amenitajia jina lake, na kwao, na ngoma ya baba yake. Ya Jumamosi nimemwuliza, amekataa kusema. Anasema nikuulize wewe."

Tracy alinyoosha shingo kuona kama simu imekatika.

"Ayuma yuko hapo?" Sauti ilikuwa imevunjika.

"Yuko. Wewe umeniogopa miezi minane tangu nikukatalie, yeye amekuja na miguu yake."

"Mama, nilimdanganya. Na wewe nilitaka kukudanganya. Niliona nikisema ukweli nitapoteza mmoja wenu." Walimsikia akivuta pumzi. "Mpe simu. Tafadhali."

Mama Priscah hakumpa. Aliinyoosha tu, kiganjani mwake, kati yao wawili. Ayuma aliinama kuisogelea.

"Ayuma? Bado ni wewe wangu?"

Jibu la moyo wake lilikuwa ndiyo, lilikuwa ndiyo tangu jana kwenye chai ile. Lakini alikuwa amechoka kupendwa kwa maneno matamu.

"Jumamosi uje uketi na mama yako," alisema. "Akikuuliza kitu mbele ya baba yangu, ujibu ukweli. Halafu uniulize tena, nitakujibu."

"Mama hatakuja, Ayuma."

"Nani amesema sikuji?" Mama Priscah alivuta simu kwake. "Nakuja. Na usianze kufurahi, sijasema ndiyo. Nakuja kumwuliza huyo mzee wa ngoma habari ya wagonjwa wao, mimi mwenyewe, na watu wakisikia. Akishindwa kunijibu, narudi nyumbani na kijana wangu."

Akakata simu, akaifunga tena kwenye leso. Were alikuwa akiandika mbio mbio, ulimi nje. Hakuna aliyemwambia aandike.

Ayuma alibaki amesimama. Siku mbili zilizopita aliogopa mama wa mwingine, na sasa alimwogopa baba yake mwenyewe. Alimpenda mzee yule. Na huenda Jumamosi, mbele ya wageni na viti vya kuazima, angesikia kitu ambacho hangeweza kamwe kukisahau.

"Mwalimu," Mama Priscah aliita. Sauti haikuwa na ukali tena, ilikuwa imechoka tu. "Unaona atanijibu nini?"

"Sijui, Mama. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Miaka thelathini nimetaka kuuliza mtu wao hiyo swali, nikashindwa." Aliingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa kigoda cha pili, akakiweka karibu na chake. "Keti. Tutamsikia pamoja."